Kisangani–Ubundu: choo, taa na tiketi nazo ni usalama wa msafiri wa treni

Mtu akitaja usalama wa treni, wengi wetu tunawaza breki, reli na dereva. Choo cha kituo, taa ya usiku, maji ya kunawa, benchi la kukalia na tiketi tunaviweka upande mwingine. Tunaviita raha, mambo ya nchi tajiri, ambayo Leta itayafikiria siku ikipata makuta. Mawazo hayo yana hatari ndani yake. Katika maelezo haya tunaonyesha ni kwa namna gani, tukianzia kwenye reli yetu wenyewe.

Reli ya kuzunguka maporomoko

Kisangani haina treni ya chini ya udongo sawa na zile za Kairo, Paris ao London. Sisi tuko na njia moja tu ya reli. Inaanzia ngambo ya kushoto ya mto, komini ya Lubunga, na kwenda hadi Ubundu, kilometa 125 hivi. Wazee wanaijua kwa majina ya zamani: Stanleyville–Ponthierville.

Sababu ya reli hiyo ni maji. Kati ya Ubundu na Kisangani mto una maporomoko saba, yale ya Boyoma, na hakuna meli inayoweza kupita pale. Kampuni ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902 chini ya tajiri Mbelgiji Édouard Empain, ikajenga njia ya kuyazunguka. Ilifunguliwa mwaka 1906. Mzigo ulipanda mto kwa meli hadi hapa kwetu, ukapakiwa kwenye treni, ukashushwa Ubundu, ukapanda tena meli kuelekea Kindu. Leo njia hiyo iko mikononi mwa SNCC.

Mambo mawili ya historia hii yanatugusa mpaka leo. La kwanza: reli ilifikiriwa tangu mwanzo kwa ajili ya mizigo, na msafiri akaingia baadaye kama nyongeza. La pili: iko peke yake. Haikuunganishwa na reli nyingine, na upana wake kati ya chuma na chuma ni mita moja kamili, wakati reli za Kindu, Kalemie na Lubumbashi ni pana zaidi kidogo. Kwa hiyo vagoni ya kule haiwezi kuletwa hapa ikatembea hivi hivi. Mashine ikiharibika Lubunga, hakuna jirani wa kuazima kwake.

Njo maana kuna vipindi treni imetembea, na kuna vipindi imekaa kimya muda mrefu, watu wakabaki na miguu, baiskeli na pikipiki. Na siku treni inapotoka, kila mtu anataka kupanda siku hiyo hiyo, kwa sababu hajui nyingine itatoka lini. Hapo hatari inaanza, kabla hata gurudumu halijazunguka.

Treni inaweza kuua bila kuanguka

Tukio la kusikitisha kuliko yote kwenye reli hii halikuwa ajali ya kuacha njia. Mwaka 1997, wakati wa vita, maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walikuwa katika kambi za Kasese na Biaro, kando ya reli, kilometa 25 na 41 kutoka Kisangani. Tarehe 4 Mei, treni iliyowatoa Biaro kuwaleta mjini ilijazwa watu kupita kiasi. Ilipofika, 91 walikuwa wamekufa: walibanwa, wakakanyagwa, wakakosa hewa. Treni haikugonga kitu. Haikutoka kwenye reli. Breki zake hazikuhusika. Kilichokosekana ni mtu mwenye uwezo wa kusema: vagoni imejaa, wengine wangoje, inayofuata inakuja.

Sehemu nyingine za nchi, ajali zinafanana kwa jambo moja. Mwezi wa nane mwaka 2007, treni ilianguka karibu na Kakenge, huko Kasai. Watu karibu 100 walikufa, na wengi walikuwa wamepanda juu ya mapaa. Mwezi wa tatu mwaka 2022, treni ya mizigo iliacha reli Buyofwe, teritware ya Lubudi, jimbo la Lualaba, na vagoni zikaingia kwenye bonde. Waliokufa walizidi 70. Ile haikuwa treni ya kubeba watu hata kidogo. Habari za siku zile ziliwaita waliokufa "clandestins", wasafiri wa kujificha.

Hilo jina tuliangalie vizuri. Mtu anayepanda juu ya mzigo mchana, mbele ya macho ya kila mmoja, pamoja na watoto na vifurushi vyake, anajificha nani? Mara nyingi ni mkulima ao mwanafunzi anayetaka kurudi nyumbani, na hakuna treni ya watu iliyo na siku na saa. Ukimwita clandestin, kosa lote linamwangukia yeye, na swali la kwa nini hakuna vagoni ya watu halisikiki tena.

Uzito, urefu na mbao zilizooza

Tueleze sasa ufundi wenyewe, kwa sababu wengi wanaona juu ya paa ni pahali pabaya kwa ajili ya kuanguka tu. Kuna mengine.

Breki ya treni inafanya kazi kwa hewa. Mashine inasukuma hewa ndani ya bomba linalopita chini ya vagoni zote. Bomba likijaa, breki zinaachia; hewa ikitoka, breki zinakamata. Hata bomba likikatika katikati ya safari, treni yote inajikamata yenyewe. Ni akili nzuri ya siku nyingi, lakini inataka kila vagoni iwe na breki nzima. Vagoni ambayo breki yake imekufa inasukumwa na uzito wake, na nyingine zinalazimika kuizuia. Ukiongeza juu yake magunia na watu wasiohesabiwa, dereva anakamata breki akidhani treni itasimama pale alipozoea, kumbe itapita mbali.

Jambo la pili ni urefu. Mtungi uliojaa chini unasimama imara. Ukiujaza juu tu, unaanguka kwa kuguswa. Ni vile vile kwa vagoni. Watu wengi juu ya paa wanapandisha uzito, na kwenye kona vagoni inaegemea upande mmoja kuliko ilivyopimwa.

La tatu ni njia yenyewe. Vyuma viwili vya reli vinashikwa na mataruma, zile mbao za kulala chini ambazo wafanyakazi wanaita traverse. Katika pori letu, penye mvua karibu mwaka mzima, mbao inaoza kutoka ndani huku juu ikionekana nzima. Maji nayo yanakula udongo ulio chini ya mawe. Mataruma yakilegea, vyuma vinaachana kidogo kidogo, mpaka gurudumu linadumbukia katikati. Njo maana treni nyingi za nchi yetu zinaacha njia zikiwa zinatembea polepole. Mwendo wa pole unapunguza ukali wa ajali, lakini hauziponyi mbao.

Dawa ya hayo inajulikana: timu za kutembea njia kwa miguu, kugonga kila taruma, kubadilisha lililooza, kufungua mifereji kabla ya mvua kubwa. Ni kazi ya majembe na nyundo kuliko mashine kubwa, na vijana wa vijiji vya kando ya reli wangeweza kuifanya wakilipwa.

Tiketi ni zaidi ya karatasi

Tiketi inafanya kazi tatu. Kwanza inahesabu. Kampuni ikiuza tiketi kulingana na nafasi, kwa siku inayojulikana, vagoni haiwezi kujaa kuliko ilivyojengwa. Pili inatangaza nani yuko ndani. Tulijionea wenyewe mambo ya Ziwa Kivu, tarehe 3 Oktoba 2024, wakati meli ya Merdi iliyotoka Minova ilipozama karibu na bandari ya Kituku, Goma. Kwa habari zilizotolewa siku zile, chombo cha kubeba watu 80 hivi kilikuwa na zaidi ya 200. Hesabu za waliokufa na waliopotea zikabadilika siku hadi siku, na familia zikapita kwenye mahospitali zikitafuta watu wao, kwa sababu hapakuwa na orodha kamili ya kutegemea.

Tatu, tiketi ni ushahidi. Sheria ya kiraia ya Kongo, kitabu cha tatu, kifungu cha 258, inasema kwamba anayemletea mwingine hasara kwa kosa lake analazimika kuirekebisha. Lakini mbele ya tribinali mjane ataulizwa: unaonyesha nini kwamba mume wako alikuwa ndani ya treni? Ukimpa mfanyakazi makuta mkononi bila kupewa karatasi, umelipa safari na umekosa ushahidi. Bei ni ile ile, haki imebaki barabarani.

Choo, maji na kolera

Tuje kwenye choo, jambo ambalo watu wanacheka wakilisikia mkutanoni. Mwaka 2011, kolera ilionekana hapa Kisangani mwezi wa tatu. Ikateremka na mto pamoja na masua na wasafiri wake, ikafika Mbandaka, na katikati ya mwaka ilikuwa Kinshasa. Ugonjwa ulisafiri kwa njia zetu za usafiri, kutoka kituo hadi kituo, pahali ambapo mamia ya watu wanangoja siku nyingi bila choo na wanakunywa maji yale yale ya pembeni.

Kituo cha treni ni vile vile. Watu wakingoja siku mbili Lubunga ao Ubundu, haja zao zinakwenda wapi? Zinakwenda nyuma ya magodauni na kwenye majani ya kando ya mto. Mvua ikinyesha, zinarudi kwenye maji. Choo cha shimo chenye mfuniko, kimoja cha wanawake na kimoja cha wanaume, ndoo yenye bomba dogo, sabuni, na mtu wa kusafisha anayelipwa: hivyo vinagharimu kidogo sana kuliko kufungua kituo cha kutibu kolera. Na mama anayejua atapata choo penye mlango unaofungika hatalazimika kwenda gizani peke yake. Hapo usafi na usalama vinakuwa kitu kimoja.

Moto hauchagui mji

London njo mji wa kwanza duniani kuwa na treni ya chini ya udongo, tangu mwaka 1863. Pamoja na uzoefu wote huo, tarehe 18 Novemba 1987 moto uliua watu 31 katika kituo cha King's Cross. Ulianza kwa kijiti cha kiberiti kilichoanguka chini ya ngazi ya mbao inayotembea, ambako kulikuwa na grisi na taka za miaka mingi. Kitu kidogo, uchafu usiofagiliwa, wafanyakazi wasiofundishwa kupambana na moto. Uchunguzi ulipoisha, ngazi za mbao zikaanza kuondolewa na mafunzo ya wafanyakazi yakabadilishwa.

Kwetu kiberiti kina sura nyingine. Mwezi wa nne mwaka 2025, masua ya mbao iitwayo HB Kongolo iliungua karibu na Mbandaka. Ilielezwa kwamba moto ulianza mtu alipokuwa anapika ndani. Hesabu iliyotolewa na mwakilishi wa wabunge wa kule ilizidi watu 140. Aliyepika hakuwa na nia mbaya. Safari ya siku nyingi inataka chakula, na chombo hakikuwa na jiko lililotengwa.

Kwenye treni hatari ni ile ile: mbabula yenye makala karibu na bidoni za petroli, magunia na nguo. Kukataza peke yake hakutoshi, kwa sababu njaa haisikilizi tangazo. Kinachofanya kazi ni pahali pa kupikia pa kujulikana kwenye vituo, treni kusimama kwa muda unaotangazwa ili wamama wa biashara wauze chakula kilichoiva, na mafuta kuwekwa kwenye vagoni yake, mbali na watu. Angalia hapo tena: soko dogo la kituo, ambalo wengi wanaliona kama fujo, linaweza kuwa chombo cha kuzuia moto.

Taa, na mto wa kuvuka usiku

Kwa mtu wa Makiso, Mangobo ao Kabondo, safari haiishi pale treni inaposimama. Kituo kiko Lubunga, na hapa Kisangani hakuna daraja juu ya Mto Kongo. Lazima kuvuka kwa mtumbwi ao kwa kivuko. Treni iliyochelewa ikifika usiku, msafiri anashuka gizani na mizigo, anatafuta njia hadi bandarini, anagombania mtumbwi uliokwisha kujaa. Kama treni imefika salama na abiria amezama kwenye mita chache za mwisho, tutasema safari ilikuwa salama?

Dawa za hapa hazihitaji mabilioni. Taa za jua kwenye kituo na kwenye njia ya kwenda bandarini. Chumba cha kulala kilicho na mlinzi, ili aliyefika usiku angoje asubuhi. Mitumbwi iliyoandikwa namba na idadi ya watu wake, pamoja na makoti ya kuogelea. Baada ya ajali ya Ziwa Kivu ya mwezi wa nne 2019, Rais Tshisekedi alitangaza kwamba kila msafiri wa majini avae koti hilo. Agizo lipo, pale bandarini tujiulize ni wangapi wanalo.

Kuna pia usalama dhidi ya watu wabaya: wezi, na wanaosumbua wasichana kwenye msongamano. Mji wa Kairo, uliofungua treni ya chini ya udongo mwaka 1987, wa kwanza Afrika, ulitenga vagoni za wanawake katika kila treni. Sisi hatuhitaji kungoja treni ya Kairo ili kutenga vagoni moja ya wamama na watoto. Vagoni zile zile zinatosha, pamoja na mlinzi mmoja anayejulikana kwa jina.

Tuulize nani, na tuulize nini

SNCC inawajibika kwa njia, mashine, vagoni, tiketi na vituo vyake. Leta ndiyo mwenye SNCC, na serikali ya jimbo inawajibika kwa bandari ndogo, afya na polisi. Lakini swali la jumla, eti "mutatutengenezea reli lini?", linapata jibu la jumla: "hivi karibuni". Komite za kartie, vyama vya wachuuzi na wasafiri waulize maswali yanayoweza kuhakikishwa kwa macho:

– Kila vagoni ya watu imeandikwa idadi ya watu ukutani?
– Siku ya safari inabandikwa kituoni siku ngapi kabla?
– Orodha ya wasafiri inabaki kwa nani treni ikiondoka?
– Nani amejaribu breki asubuhi ya leo, na ameweka sahihi wapi?
– Choo cha wanawake kinafungwa kutoka ndani?
– Mafuta yamepakiwa vagoni ya ngapi?

Sisi wasafiri nasi tuna kazi. Kudai karatasi kila tunapolipa. Kuwaachia watu wa nyumbani habari ya siku na chombo tulichopanda. Kuweka kijikaratasi chenye jina na namba ya mzazi kwenye mfuko wa mtoto. Kubeba maji yaliyochemshwa. Kukataa paa, hata likiwa la bure, na kumkataza jirani anayewasha mbabula pembeni ya bidoni, bila haya.

Kutengeneza reli nzima hadi Ubundu kutataka makuta mengi na miaka. Shimo la choo, taa tatu na kitabu cha orodha vinaweza kuanza mwezi huu. Na wale 91 wa mwaka 1997 wanatufundisha kwamba hata siku ambayo reli itakuwa mpya kabisa, isipokuwapo hesabu ya watu mlangoni, treni itaendelea kuwa hatari.